Mabati ya Noeli Ile

Jumatatu, 12 Aprili 2021

Daktari wa macho ameniagiza ninunue daftari, niandike kila jioni kwamba mama amewekewa matone, jicho la kulia na la kushoto. Anasema wagonjwa wake wote humwambia wameweka, na macho yao humwambia mengine. Basi daftari ndilo hili, na kurasa ni nyingi kuliko matone, kwa hiyo nitaandika na mambo yangu.

Mama ana presha ya macho. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia dirishani, na hilo dirisha linazidi kuwa dogo. Nilipouliza litafunga lini, daktari alitazama kalamu yake kwanza. "Matone yakiwekwa kila siku, litapungua polepole. Yakikosekana, siwezi kukuahidi hata kiangazi hiki."

Tukiwa tunasubiri pikipiki mama akanigeukia. "Uwimba, wewe unachoraka nyumba ya batu benye kuishi Ulaya. Yetu utachora siku gani?"

Kazi yangu ni hiyo kweli. Mchora ramani huniletea mistari, mimi naisimamisha kwenye kompyuta, naweka kuta, jua, na maua ambayo mwenye nyumba hatayapanda kamwe, kisha mashine inakokotoa picha iliyo kama ya kamera. Biroo, yaani ofisini, picha hiyo tunaiita rendu. Nyumba yetu, ile ya Birere hapa Goma, ilimezwa na lava Januari 2002 pamoja na albamu zote. Nilikuwa na miaka tisa.

"Uichore vile ilikuwaka ile Noeli," akasema, "na manjanja yake mupya. Mbele macho yangu ifunge."

Nimemwambia ndiyo. Ningesema nini? Matone: kulia, kushoto.

Jumatano, 14 Aprili

Mama ameketi kitandani ananisomea nyumba kama anayesoma barua. Kuta za mbao. Mlango wa kijani. Ngazi moja ya jiwe la lava, la mlipuko wa zamani zaidi. Paa: mabati ishirini na manne, mapya, ndiyo manjanja yake.

Hapa mjini mabati hayadumu. Moshi wa mlima wa moto unachanganyika na mvua, na baada ya miaka michache paa lina rangi ya chai. Papa, baba yangu, alitoa yale ya zamani na kupiga mapya mwezi Desemba 2001, wakati wa uasi, wakati watu wengine walikuwa wanaficha hata sufuria. Mama anasema yaliwaka mpaka jirani yetu, papa Nsanzimana, akawa anapita njia nyingine kwenda misa ili asiumizwe macho. Anacheka akisema hivyo. Mama yangu, Athanasie, alikuwa na maringo, na hajatubu.

Yaliwaka wiki tatu. Lava ilipokuja, mama alinishika mkono tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, papa akapanda juu ya paa kung'oa mabati ayaokoe. Hatukumwona tena. Nyumbani jambo hili husemwa kwa sentensi moja tu, "Baba yako alibakia na manjanja," kisha mtu huinuka kwenda kutazama kama maji yamechemka.

Matone yamewekwa.

Jumamosi, 17 Aprili

Rendu ya kwanza. Kuta nzuri, mlango mzuri, mpaka nikajisifu. Kisha nikatazama paa.

Bati lina migongo, na juu ya kila mgongo jua linapaswa kuacha mstari mwembamba wa mwanga, mwembamba kama uzi. Kwangu ule uzi umekatikakatika. Ni ngazi ngazi, meno meno, kama mtu ameweka misumeno ishirini juu ya nyumba yetu.

Bagalwa, mwenzangu anayeshughulikia mashine ya kuchapisha, akainama juu ya bega langu. "Dada, hii paa inauma batu."

Nimemwambia aende akachape ramani zake.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Meno yapo. Matone: kulia, kushoto.

Jumanne, 27 Aprili

Nieleze, labda nikieleza nitaelewa. Picha ni nukta ndogo nyingi. Mashine huchungulia kila nukta mara kadhaa, inaona nusu ni mwanga na nusu ni kivuli, inachanganya, inaweka kijivu. Hivyo ukingo unakuwa laini. Ndiyo maana ukuta wangu hauna meno.

Basi kwa paa nimeiambia ichungulie mara kumi na sita. Meno. Mara sitini na nne. Meno. Leo nimeweka mia mbili hamsini na sita, kompyuta imepiga kelele siku nzima kama kinu cha mahindi, bosi amepita mara mbili akitazama mita ya umeme, na saa kumi jioni picha imetoka. Meno yale yale, kila jino mahali pake.

Nilijaribu kuififisha picha nzima kidogo. Meno yakaenda, misumari ikaenda, mlango ukawa ukungu. Sitaki mama aone ukungu. Ukungu anao wa kwake.

Nimeanza kuamka na kumuuliza, "Mama, unaona vidole vingapi?" Leo amenijibu, "Naona mutoto mwenye hana kazi."

Alhamisi, 6 Mei

Kuanzia leo wanajeshi ndio wanaotawala mkoa, kwa ajili ya waasi na mauaji. Redio inasema tutulie. Mama amesema yeye ameona wote, wanakuja wanaenda, sharti ni kuwa na unga ndani ya nyumba. Tumenunua unga. Matone yamewekwa.

Ijumaa, 14 Mei

Jioni tumeketi mlangoni. Mama ametazama upande wa mlima muda mrefu, kisha akauliza, "Mulima imezima?"

Haukuwa umezima. Wingu la juu lilikuwa jekundu kwa moto wake kama siku zote. Nikasema, "Iko wingu, mama." Sijui kwa nini nilidanganya.

Jumapili, 23 Mei

Mlima umelipuka jana jioni.

Tulikuwa tunakula. Watu wakaanza kupiga kelele njiani, nikatoka, anga lote lilikuwa jekundu, si wingu la juu, anga lote. Mama alifunga kitenge, akakaa mlangoni na viatu miguuni, mikono magotini. Nilitia matone mfukoni, nikamshika mkono, tukaenda na watu mpaka mpakani. Nilisikia watoto wakiita mama zao kwa majina kamili ili wasipotee. Alfajiri wakasema lava imesimama karibu na kiwanja cha ndege, tukarudi.

Kitu kimoja kimenishinda. Njiani tulimpita mwanamume juu ya paa lake, anang'oa mabati, mkewe chini anayapokea. Mama hakuweza kumwona, lakini alisikia nyundo. Alisimama. Nilimvuta, hakuja. Alisimama pale mpaka mtu akamgonga na godoro ndipo akasogea.

Jumanne, 25 Mei

Ardhi inatetemeka kila nusu saa. Ukuta wa jikoni umepasuka. Matone: kulia, kushoto, na la tatu shavuni kwa sababu nyumba ilicheza.

Jumatano, 26 Mei

Mitetemeko. Nimekwenda biroo nikanakili kazi ya nyumba yetu kwenye diski, maana nani anajua. Bagalwa anafunga virago kwenda Bukavu kwa boti. "Beba tu hiyo diski, dada," akaniambia. "Kompyuta inanunulika."

Ijumaa, 28 Mei. Rutshuru, kwa mama mdogo Julienne

Niandike kwa mpangilio.

Jana kabla ya jua redio ilisema moto uko chini ya mji na chini ya ziwa, watu waondoke mara moja. Si kesho, mara moja. Wengi walielekea mji wa Sake. Mama akasema yeye anaenda kwa mdogo wake Rutshuru na si kwingine. Nilikuwa na dakika kumi. Nilichukua diski nikaifunga ndani ya kitenge cha mama. Nikachukua vitambulisho, mkate, chupa ya maji, daftari hili.

Gari lilitufikisha mahali lava ilipokata barabara, likaishia hapo. Ng'ambo magari mengine yalikuwa yanangoja. Katikati ilikuwa kwenda kwa miguu juu ya lava yenyewe, nyeusi, imeganda juu, bado ya moto chini, moshi unatoka kwenye nyufa na unakaba koo. Mama alisimama ukingoni.

"Iko namna gani?" akaniuliza.

"Nyeusi, mama. Batu banapita."

"Ya moto?"

"Kidogo."

Akavua kiatu kimoja, akaigusa kwa unyayo, akavaa tena. Kisha akapita akinishika bega, na mimi nilihesabu hatua ili nisifikirie. Viatu vyangu vimeyeyuka nyayo.

Tulifika jioni. Mama mdogo akatupa ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Nikaketi, nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikaandika "Matone", na mkono ukasimama.

Matone yako Goma. Yako ndani ya mlango wa friji, nilikoyarudisha baada ya ule usiku wa mpakani, maana daktari alisema yakae baridi. Diski hii hapa. Nimeokoa picha ya paa, nimeacha macho ya mama yangu.

Jumamosi, 29 Mei

Nimezunguka maduka yote ya dawa ya hapa. Wana matone ya macho mekundu, matone ya vumbi, matone ya masikio. Ya presha hawana. Mmoja ameniambia niandike jina la dawa, ataagiza Goma. Goma! Nilicheka vibaya, akaniogopa.

Jumapili, 30 Mei

Matone: hakuna.

Jumatatu, 31 Mei

Hakuna. Mama anasema kichwa kinamuuma juu ya nyusi.

Jumatano, 2 Juni

Leo nimeamua kurudi peke yangu kuchukua dawa. Kwenda asubuhi, kurudi jioni. Nimemwambia mama mdogo tu, lakini nyumba hii ina masikio, na mama akaniita.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao nje, uso ameuelekeza mahali alipodhani niko. Alikosea kidogo. Nilisogea ili awe amepatia.

"Haurudie," akasema.

"Mama, ni macho yako."

"Ni macho yangu, njo maana minasema. Haurudie."

Nikasema ardhi imetulia, nikasema wengine wanaenda na kurudi, nikasema daktari alisema nini. Nilipandisha sauti, na mimi simpandishii mama sauti. Akaniacha nimalize. Kisha akasema:

"Baba yako hakutaka kupanda."

Nikaketi chini, mbele ya kiti chake.

"Ile siku. Ye alisema, mama Uwimba, tuende pamoja, tuache. Mie nikasema hapana. Nikasema manjanja ni mupya, batu bataiba. Nikamwambia, toa zote, usiache hata moja. Ye alikuwa juu, ananiangalia. Nikakushika mukono nikaenda." Alifuta midomo kwa kitenge. "Miaka kumi na tisa batu banasema baba yako, Havugimana, alipenda mali. Ye hakupenda kitu. Ni mimi."

Mama mdogo Julienne alikuwa nyuma yangu na beseni la maharagwe. Inaonekana hata yeye hakujua.

"Sasa wewe," mama akasema, "hakuna kitu ya kurudilia. Hata kama ni jicho yangu. Umesikia?"

Nimesema nimesikia. Sikurudi. Nina hasira naye, nina hasira nami, nina hasira na papa ambaye alitii. Nimekaa nyuma ya nyumba nimelia kwa kwikwi kama mtoto.

Ijumaa, 4 Juni

Hakuna. Nimemwuliza vidole vingapi, akasema tuache mchezo huo.

Jumanne, 8 Juni. Goma

Wameturuhusu kurudi. Nyumba imesimama, ufa wa jikoni umekuwa mpana. Umeme ulikatika sijui siku ngapi. Friji ilinuka, na kichupa kilikuwa pale pale mlangoni, cha uvuguvugu. Nimenunua kingine kabla ya kuvua viatu. Matone: kulia, kushoto. Siku kumi na mbili zimepita bila.

Ijumaa, 11 Juni

Daktari aliona daftari, akaona ukurasa ule wenye "hakuna", akalifunga polepole. Jicho la kulia linaona mwanga tu. La kushoto limebaki na tundu, kama la ufunguo, na hata ndani ya tundu vitu vimefifia. "Kilichokwenda hakirudi," akasema. "Tulinde kilichobaki." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Njiani mama akasema, "Picha iko karibu?"

Jumatatu, 14 Juni

Nimepata! Nimepata, na ni jambo dogo mpaka naona aibu.

Ni kama maharagwe. Watu kumi na sita wanatia chumvi sufuria moja. Kumi na watano wanatia kidogo au hawatii. Wa kumi na sita anamwaga kilo nzima. Ukikoroga, ni chumvi tupu, hata kama uliita watu mia. Mng'ao wa jua juu ya bati jipya ndio huyo wa kilo. Una nguvu mara mia kuliko nyeupe ya karatasi. Mashine ikiuona hata mara moja ndani ya nukta, nukta yote inakuwa nyeupe, jirani yake inabaki nyeusi, hakuna kijivu katikati. Basi hilo ndilo jino. Ndiyo maana kuchungulia zaidi hakukusaidia kitu.

Dawa yake ni kumpunguzia mtu wa kilo kabla ya kukoroga. Nimeweka kikomo, mwanga wowote usizidi hapa, kisha uchanganywe. Saa nane rendu ikatoka. Mabati yote ishirini na manne na mistari yake, laini, hakuna jino hata moja. Bagalwa, aliyerudi jana, ameitazama akapiga mluzi. "Sasa hii ni manjanja," akasema. Tukachapa.

Jumatano, 16 Juni

Nimemwonyesha mama.

Nilimketisha mlangoni penye mwanga, nikamshikia picha mbele ya jicho la kushoto. Akaisogeza karibu mpaka pua ikaigusa. Akaipitisha taratibu, huku na huku, kama anayetafuta kiroboto kwenye nguo.

"Mulango naona," akasema. "Kijani." Kisha, "Ngazi." Kisha akapanda juu, akatafuta, akatafuta. "Manjanja iko wapi?"

"Hapo, mama. Hapo penye kidole."

"Hapa ni giza."

"Ina mistari ya mwanga, mama. Miembamba."

Akajaribu tena. Mwisho akanirudishia picha, kwa upole, upole ulionivunja kuliko kitu chochote. "Ni nzuri," akasema. "Asante, mwanangu. Hata na manjanja ya zamani, ile imeshikwa na kutu, ilikuwa nyumba yetu."

Matone: kulia, kushoto. Sikuweza kula.

Alhamisi, 17 Juni

Kikomo. Ni kile kikomo. Nimeupunguza mwanga ili mistari iwe laini kwa macho yangu, na macho yake hayawezi tena kuuona. Miezi miwili namtengenezea mama picha, na niliyekuwa natengenezea ni mimi na Bagalwa.

Ijumaa, 18 Juni

Nimetoa kikomo. Nimeacha jua limwage kilo yake yote. Nimeipanua mistari, nimetia giza paa lote katikati ya migongo ili weupe upige kelele. Meno yamerudi, marefu kuliko ya Aprili.

Bagalwa aliitazama kwenye kioo cha kompyuta, akanitazama. "Dada, tangu Aprili unalia juu ya meno. Leo unachapisha meno?"

"Chapa."

"Bosi akiona ataniuliza."

"Chapa kubwa, papa Bagalwa. Karatasi kubwa kabisa uliyo nayo."

Akachapa. Alipoikunja aliifunga plastiki mbili, maana mawingu yalikuwa mazito.

Jumapili, 20 Juni

Mvua ya mwisho ya msimu imeanguka asubuhi, na baada ya misa jua limetoka kali. Nimebandika picha ukutani nje, mahali jua linapopiga, nikamleta mama kwa mkono. Nilijiambia asipoiona, sitajaribu tena, nitamwambia ukweli kwamba sijui kuichora.

Alisimama hatua mbili kutoka ukutani. Hakusogea karibu. Kichwa kikarudi nyuma kidogo, kama cha mtu aliyepigwa na jua njiani.

"Eee," akasema. "Papa Nsanzimana alikuwa na haki kupita njia ingine."

Akanyoosha mkono, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, wenye meno yake yote, akaufuata toka juu hadi chini. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Hakuruka hata mmoja. Nilikuwa nashika kitenge chake kwa nyuma kama nilivyokishika nikiwa na miaka tisa. Alipofika wa mwisho kidole kilibaki pale, juu, ukingoni mwa paa.

"Papa Uwimba," akasema, si kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aje kula. "Imetosha. Ziache zote. Shuka tuende."

Tulikaa pale mpaka jua likahama ukuta. Kisha akaketi kwenye kiti chake, akarudisha kichwa nyuma mwenyewe, akafungua macho, akangoja.

Matone: kulia, kushoto.